Unyoya Katika Kofia ya Mwalimu

Kaltuma alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za maua yaliyotariziwa kwa uzi, pale Malindi, na mkono wake ulijulikana hata Mambrui. Mumewe, Badi, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la miti ya mpira upande wa Sabaki. Mwaka wa 1910 yule Mzungu alishikwa na homa kali, akapakiwa merikebuni kwenda kutibiwa kwao. Akiwa juu ya machela alimwomba Badi amtunzie mbwa wake mpaka arudi, na Badi akakubali. Jioni ile akaingia nyumbani akivuta kamba, na mwisho wa kamba pana mbwa mkubwa mweupe mwenye manyoya marefu, jina lake Buruno.

"Badi! Mbwa, nyumbani kwangu?"

"Nimempa mgonjwa neno langu, mke wangu. Nitamfunga uani. Ndani hataingia."

Mbwa yule hakuumbiwa joto letu. Manyoya yalimnyonyoka usiku na mchana. Yalijaa uani kama sufi iliyopasuka, yakaganda kwenye nguo zilizoanikwa, yakaelea juu ya maji ya mtungi. Kaltuma akifagia huku, upepo unayarudisha kule. Majirani waliozoea kuja kunywa kahawa walianza kusema wana kazi. Mmoja alisimama mlangoni, akalikunja buibui lake lisiguse kizingiti, akasalimu akaenda zake. Kaltuma aliona haya hata kumwita.

Kisha vuli ikanyesha. Siku moja Badi akiwa shambani, radi ilipiga na Buruno akalia, akaukwangua mlango wa uani kama anayefukuzwa. Kaltuma alivumilia, halafu akafungua. Mbwa alijilaza penye kizingiti cha ukumbi, hatua chache kutoka kwenye mkeka wake wa kushonea, akatulia. Tangu hapo, kila ikinyesha, alimfungulia. Mumewe hakuambiwa.

Katika siku hizo alikuwa akishona kofia ya Mwalimu Abdalla, imamu wa msikiti mdogo wa mtaani. Aliimaliza, na Mwalimu akaivaa Idi ya kuchinja. Wiki zilizofuata alisali nayo kichwani, mpaka mkewe, Fatu, alipoifua. Aliponyanyua kofia juani aliona ndani ya kiua kimoja unyoya mrefu mweupe, umeshonewa pamoja na uzi. Alijaribu kuuvuta, haukutoka.

Mwalimu alikuja mwenyewe baada ya sala ya alasiri, kofia ameifunga ndani ya leso. Aliketi barazani na Badi. Kaltuma alikuwa nyuma ya pazia.

"Badi, sikuja kugombana," alisema, akaifungua leso na kumwonyesha ule unyoya. "Nataka kujua tu. Huyu mbwa wenu huingia ndani?"

"Hata, Mwalimu! Huyo ni wa uani. Huo ni wa mbuzi. Tulikuwa na mbuzi mweupe."

"Basi alhamdulillahi," akasema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Msalimie mkeo. Kazi yake nzuri."

Mbuzi hawakuwahi kufuga. Kaltuma alilishika pazia asiweze kulifungua. Neno moja tu lilitakiwa, naye hakulitoa.

Asubuhi hakuweza kula. Alivaa buibui akaenda kwa Fatu, akakaribishwa mkekani. Kabla kahawa haijamiminwa alisema, "Bi Fatu, ule unyoya si wa mbuzi. Mbwa alikuwa akiingia ndani. Mimi nilimfungulia, na jana nilimsikia mume wangu akisema uongo nikanyamaza."

Fatu aliliweka dele la kahawa chini. "Na wale wote waliosali nyuma yake?"

Kaltuma alitazama mkeka. Fatu aliinuka akaenda kumweleza mumewe.

Ijumaa Mwalimu aliwaambia watu kwamba amesali na najisi bila kujua. Sala zao wao ni sahihi, yeye atazilipa zake. Jina la mtu hakulitaja. Haikuhitajika. Kila alipobaki msikitini wenzake wakitoka, mtaa mzima ulijua sababu. Wenye vitambaa kwa Kaltuma walituma watu kuvichukua, vingine nusu vimeshonwa.

"Umeniaibisha," Badi alisema. "Kesho nampeleka huyu mbwa porini Sabaki nimwachie huko."

"Ulimpa mgonjwa neno lako," akajibu Kaltuma. "Na uongo tulikuwa wawili."

Alfajiri, kabla ya upepo kuanza, alivaa leso kuukuu aliyoitenga kwa kazi hiyo, akachukua chanuo la mti lenye meno mapana, akaanza kumchana mbwa. Alikuwa hajawahi kumgusa. Chini ya shingo na mapajani manyoya yalikuwa yameshikamana kama kamba za makumbi, na alipoyatenganisha alikuta vidonda vibichi. Miezi yote hiyo alichukizwa na manyoya tu; aliyekuwa akiteseka chini yake hakumfikiria. Akaona haya upya, na safari hii hakuwepo wa kumficha uso.

Basi akashika desturi. Humchana kila alfajiri, manyoya huyazika shimoni. Kabla ya kufagia ua huunyunyizia maji yasipeperuke. Leso ile haikuingia ndani ya nyumba. Badi naye hakumpeleka porini tena; alijenga kibanda cha makuti chenye kuta tatu, na radi ikipiga Kaltuma alikwenda kusimama na mbwa huko. Vidonda vilikauka. Kazi ya sindano aliihamishia kwa shangazi yake, na baada ya muda mrefu mwanamke mmoja wa Mambrui alimletea kitambaa. Kisha mwingine.

Mzungu hakurudi, wala habari zake hazikuja.

Siku moja Kaltuma alikutana na Mwalimu Abdalla njiani. Alijibana ukutani, akaangusha macho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani? Na yule mbwa, vile vidonda vyake vimepoa?"

Hakudhani kwamba Mwalimu alijua habari za vidonda. Uso ulimuwaka ndani ya buibui.

"Vimepoa, Mwalimu," alisema, akasubiri apite ndipo akaenda.