Benye Walifukuza Ndege Saa ya Darasa

Unajua, mwanangu, mutoto anaweza kukosa masomo na kila asubui anafika ku shule? Kaa nikuelezee. Minye sikusoma mingi, miaka tatu tu, lakini ya masomo iko moja nakumbukaka.

Ilikuwa Bwegera, kwetu, mu mpunga. Direkta wetu, mukubwa wa shule, hakupenda kusikia Kifuliiru wala Kirundi mu darasa, Kifaransa tu. Akanichagua niandike ku tablo jina ya kila mwenye kusema luga ya nyumbani. Kifaransa yangu minye ilikuwa bonjuru na merisi, basi, lakini mwenye kushika chaki nani atamuandika? Nilijisikia mukubwa kabisa. Benye majina yao iko ku tablo, direkta aliwatuma mu shamba ya shule kufukuza ndege ku mpunga mpaka saa sita.

Jirani yangu Nyandwi alijua Kirundi tu. Nilimuandika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Benzake wanafundwa kusoma, yeye anapigia ndege kelele. Kesho anarudi, Kifaransa bado hajue, namuandika tena.

"Na nikinyamaza?" akaniuliza.

"Direkta atakuuliza kitu, utajibu na Kirundi, nitakuandika."

Nilicheka, hata yeye alicheka.

Nyumbani nikajisifu. Mama alikuwa anapepeta muchele. Akasema, "Benye unaandikaka, kule mu mpunga wanafundwa na nani? Na ndege?" Akaendelea kupepeta.

Asubui sikuandika jina. Lakini Nyandwi hakuonekana. Nikamukuta mu shamba ya mama yake, iko na fimbo.

"Rudi, sitakuandika tena."

"Kama ni kufukuza ndege," akasema, "hata mama iko na mpunga."

Hakurudi. Sasa tuko bazee, tunasalimiana ku soko vizuri tu. Maneno yenye batoto wake wanamutumia ku telefone, jirani yake mumoja ndiye anamusomea.

Basi, weye, siku watakupa shule uongoze, usiangalie kwanza mwenye kujibu mbio. Angalia mwenye ananyamaza, umuulize na luga ya mama yake. Kifaransa atajifunda, polepole. Lakini akishatoka mu darasa, utamufunda nini? Na usipe mutoto chaki ya kuandika benzake. Mungu akupe masikio ya kusikia kila mutoto, na darasa yako isipunguke hata mumoja.

Hata mujukulu wangu Neema, wamemuweka direktrisi hapa Kavimvira juzi, nilimuelezea hivi hivi kama nakuelezea weye. Shule yake iko na batoto ya kila luga. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akanikamata mukono: "Koko, batoto ba mwaka wa kwanza wataanza kusoma na luga ya kwabo. Mwalimu mwenye hajue Kirundi, nitamutafutia mwenye kumusaidia. Na kama minye niko direktrisi, hakuna mutoto atatolewa inje juu ya luga. Nakuahidi."