Weusi Mpya wa Bunduki ya Dorsey

Kwaru, kwaru: msasa juu ya mtutu. Ndivyo tulivyojua kwamba jirani yumo gerejini mwake. Majani yakianza kupukutika, kabla ya msimu wa kulungu, bonde zima lilimletea bunduki kuukuu azirudishie weusi wake. Alivaa glavu za mkewe za kuoshea vyombo, maana chuma kikiguswa na jasho hakishiki dawa ya kukitia weusi. Akapaka, akapuliza, akasugua, huku akiimba puani.

"Glavu zimekupendeza, bibi harusi!" tulimtania.

"Subiri, yako nitaipaka rangi ya waridi."

Ile ya marehemu Dorsey aliifanya bila malipo, ikatoka nyeusi kama maji ya kisima. Arletta, mjane wake, aliipokea, akapitisha kiganja upande wa chini wa bunduki, akarudia, kama mtu anayetafuta kishikizo gizani.

"Pale alipokuwa akiishikia," akauliza, "palipolika na kiganja chake mpaka pakawa peupe, pako wapi?"

Jirani alivua glavu, asijue pa kuziweka. Akatazama vumbi la chuma lililotapakaa sakafuni.

"Nilidhani pamechakaa, shemeji," alisema, kwa sauti ndogo mno.