Chokaa ya Kupokelea Wataalamu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hakumaliza darasa la saba. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, nimekitundika ukutani. Lakini mafuriko yalipopita hapa Magomeni, Kilosa, wataalamu wa maafa wakaomba mwenyeji wa kuwaongoza kuchora ramani ya nyumba zilizoingiliwa na maji, na mkutano wa mtaa ukamchagua yeye. Wakampa simu kubwa ya kupigia picha na kizibao cha kung'aa, akawa anakivaa mpaka sokoni. Roho iliniuma, sifichi.

Nikaapa wakifika kwangu watajua nani ana nyumba. Maji yalikuwa yamefika dirishani, kwake na kwangu, yakaacha mstari wa tope ukutani. Mama yangu, mtu wa Mamboya, alitulea kwamba mgeni haoneshwi uchafu. Nikanunua chokaa, nikapaka kuta zote.

Wakaja. Mtaalamu alikuwa binti mpole wa kutoka Dar.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni viti."

Hakukaa. Alizunguka na kijiti cha kupimia, akitafuta mstari wa maji, asiuone. "Nyumba yako nzuri, mama," akasema. Nikamtupia wifi jicho, asikie vizuri.

"Na maji je, yalikusumbua?"

"Aa, tunamshukuru Mungu. Yalipita tu."

Ndivyo tunavyojibu. Mtu akikujulia hali, hata kama umefiwa unaanza na nzuri, mabaya yanafuata mkishakaa. Binti akabonyeza simu yake akiwa amesimama vilevile.

"Wifi, waambie basi," wifi akaninong'oneza. "Yalifika dirishani."

"Kwangu najisemea mwenyewe."

Kwenye ramani nyumba yake ikatoka nyekundu, yangu kijani. Wa nyekundu wakapewa viwanja kule mlimani. Nilikwenda kulalamika kwa mwenyekiti, akanionesha picha ya ukuta wangu, mweupe pe.

Siku ya kuhama wifi alivaa kanga iliyoandikwa "Mwenye wivu ajinyonge", na nina hakika aliichagua kwa ajili yangu. Tangu hapo kila nikifagia uwanja nilikuwa nayaona mabati yake mapya yakimeta kule juu, nikawa nafagia nimeupa mlima kisogo.

Masika yaliyofuata, mchana mmoja, mto Mkondoa ukaanza kunguruma. Nilikuwa napandisha vyombo juu ya meza pale wifi alipoingia, amelowa chapachapa, tope hadi magotini.

"Twende kwangu, wifi. Chumba nimeshakufagilia."

Akajitwika godoro langu akatangulia, mimi nyuma na sufuria zangu. Njia nzima nilikuwa najiuliza: kama mlima ningepewa mimi, ningeshuka kumfuata? Nisingeshuka. Nikamwangalia anavyopanda na mzigo wangu kichwani, nikamwonea wivu kuliko siku zote.