Kamba ya Maua Juu ya Miyenzi

Hapa kwetu Bihambwe, watu wengi wanazungushia nyumba miyenzi. Unakata fimbo, unachomeka mu udongo, inashika. Mbuzi haiikule, kwa sababu ndani iko na maziwa nyeupe, na ile maziwa ikiingia mu jicho inaweza kuua jicho. Mutoto anajua vile mbele ajue kuhesabu. Mimi pia nilijua. Njo maana sina pa kujificha.

Kamba ya maua niliitoa mu kichaka kando ya muto. Masere moja, mutawa wa paroisi, aliniambia kwa Kifaransa inaitwa klematite. Mimi naiita kamba. Inapenda miguu mu baridi na kichwa mu jua, basi niliipangia mawe chini, nikaifunika na maganda ya maharagwe, na wakati wa kiangazi niliimwangilia maji niliyosafishia viazi. Lakini inataka kitu ya kupandia. Nguzo za karatusi nilikuwa nazichunga kwa kujenga nyumba, nikaiacha ipande juu ya miyenzi.

Mwaka wa pili ilifunika lupango yote ya miyenzi. Maua nyeupe, mpaka wapita njia walisimama kuangalia. Nilijivuna, sitadanganya. Jirani yangu, mwanamuke kijana mwenye kunyonyesha, aliniomba kipande akapande kwake. Nilimwambia maua si kabichi ya kugawia kila anayepita. Tangu siku ile, akipita ananisalimia vile, mimi bibi muzee:

«Koko wa maua, leo umepika sufuria ngapi?»

Maua ikiisha, lazima ukate kamba ya zamani ili mupya itoke. Nilikuwa nakata na panga, mujukuu wangu wa kike anavuta chini. Iko na miaka munane. Mama yake, binti yangu, anauzisha nguo kule Walikale, na mutoto alimuacha mu mikono yangu. Ile asubuhi kamba ilikuwa imejiviringisha na miyenzi mpaka hautambue gani ni gani. Nilipiga panga mara moja, kwa nguvu, kama muntu anayejua kazi. Kitu nyeupe iliruka. Mutoto hakulia. Alisema tu, «Koko, jicho inaungua,» akaanza kusugua.

Nilimushika mikono nikamumwangia bido nzima ya maji usoni. Jicho ilivimba nikiwa naangalia. Kwetu, jicho ya miyenzi wanaisafisha na maziwa ya mama anayenyonyesha, na pale juu ya kilima mwenye kunyonyesha alikuwa mumoja.

Nilimukimbiza mujukuu kwake, nikamukuta anachambua maharagwe, mutoto wake kwenye titi. Nilifikiri atanichekelea. Alimutoa mutoto kwenye titi, akamuweka juu ya mukeka, mutoto akalia sana.

«Mushike kichwa, Koko. Mushike muzuri, huyu haiko ua.»

Alikamua mu jicho mara tatu, maziwa ikashuka mpaka shingoni.

«Nani alikata?»

«Mimi.»

Alimuinua mutoto wake kwenye mukeka. «Basi beba yeye, twende kwa muganga wa hospitali. Maziwa yangu haiko dawa ya kila kitu.»

Hiyo asubuhi risasi ilikuwa imesikika nyuma ya kilima, na watu walikuwa wamesema barabara haiko ya kwenda. Tulienda. Mutoto mugongoni mwangu, jirani mbele na wake. Kwenye bariere vijana wenye bunduki walisimama. Mumoja akauliza tunabeba nini.

«Jicho ya mutoto,» jirani akajibu. «Unataka kuifungua uangalie?»

Hakutaka. Waliinua muti wa bariere, tukapita, na nilisikia mugongo wangu unangoja risasi mpaka tukakata kona.

Muganga alisafisha jicho na serum, maji safi ya chumvi, muda mrefu. Alisema maji ya kwanza njo ilisaidia, na maziwa tusirudilie tena. Akaweka dawa, akafunga bandeji.

«Sitakudanganya, Mama. Ngozi ya jicho imeungua.»

«Ataona?»

«Mulete kesho kutwa.»

Zile siku mbili sikula. Mutoto yeye alikula muzuri, akacheza, kisha akaniuliza, «Koko, jicho ikikufa, inaendaka wapi?» Nilimwambia anyamaze.

Muganga alipofungua bandeji, jicho ilikuwa nyekundu kama nyama, lakini ilijifungua. Akafunika ile nzima. «Unaona nini?» Mutoto akasoma kupitia mulango maandishi ya kule ukutani, kando ya njia, mustari wote, bila kusimama. Jirani akapiga mikono. Mimi sikupiga. Macho yangu ya uzee haifike kule ukutani, na huyu mutoto anapitaka pale kila siku akienda kwenye masomo. Maandishi yale anayajua kwa kichwa. Na anajua namna ya kumupoza Koko wake.

Basi mu kiwanja nilitoa maharagwe mu mufuko wa kitenge, moja moja, bila yeye kujua ile nitachagua. «Hii ya rangi gani?» Nyekundu. «Na hii?» Nyeupe na madoa. Nikamwambia afunike jicho moja na mukono wake, nikarudi nyuma hatua moja, nikauliza. Hatua moja tena. Jicho nzima ilinifuata mpaka hatua makumi mbili. Hii ingine, kwenye hatua ya kumi na moja, alikunja uso, kisha akasema polepole, «Koko, uko unaficha mukono?»

Mukono yangu ilikuwa wazi.

Muganga amesema inaweza kurudi kidogo na miezi, ao inaweza kubakia pale. Kamba ingali juu ya miyenzi, sijaigusa. Binti yangu alirudi kutoka Walikale siku ya Posho, Jumamosi, na mbele aweke muzigo chini nilimwambia: jicho inaona hatua kumi, na panga ilikuwa mu mukono yangu.