Tonge la Mwezi wa Mfungo

Ushirika wetu wa chakula pale Ujiji ulikuwa na sheria nyingi, na nyingine hadi leo sijui zilitungwa kwa nini. Ilikuwapo sheria ya kuvua viatu kabla ya kuingia ghalani. Ilikuwapo ya wajumbe wa bodi kuchukua mgao wao mwisho kabisa, magunia yakiwa yamebaki vumbi na vipande. Lakini iliyozishinda zote ni hii: chakula kipya kikiingia, hakuna mwanachama anayegawiwa hata kibaba mpaka bodi ikipike na kukila. Kama ni kibaya, kitudhuru sisi kwanza. Wanachama waliipenda sana sheria hiyo, na wengine nadhani walitamani siku moja kitudhuru kweli.

Bodi ilikuwa ya watu saba, wanawake watupu. Mwenyekiti alikuwa bibi mmoja wa mjini hapo, muuza migebuka, samaki wa ziwa letu, tangu ujana wake, ambaye akikohoa tu mkutano unanyamaza. Aliyemfuata kwa sauti ni mama wa vipimo, mshika debe na kibaba, mtu wa kubishana hata na mvua. Mimi nilikuwa katibu, Muha wa Buzebazeba, mdogo kuliko wote na Mkristo peke yangu. Walinichagua kwa mwandiko wangu, na kwa sababu nyingine ambayo mwenyekiti hakunificha. Kila mwezi wa mfungo walilazimika kungoja jua lizame ndipo waonje, na mgao ukachelewa. Sasa walikuwa wamepata mtu wa kula mchana.

Miaka hiyo watu walikuwa wanavuka ziwa kwa makundi, wakikimbia vita ng'ambo. Wengi walipelekwa makambini, wengine walipokewa na ndugu zao mjini, na nyumba za Ujiji na Bangwe zikajaa hadi barazani. Unga ukawa kitu cha kutafutwa kwa miguu. Kila mkutano tulipata maombi mapya ya uanachama, na bodi ikazidi kuwa ngumu. Sheria ilitaka kila mwombaji asimamiwe na wanachama wawili wanaomjua. Ilitungwa wakati ambao kila mtu alimjua kila mtu.

Mwombaji mmoja nilimsimamia mimi. Alitoka upande wa Kongo na watoto wanne, akahifadhiwa na shemeji yake pale Bangwe, ukuta kwa ukuta na shangazi yangu. Shangazi alipougua mguu, mama huyu alimchotea maji na kumfulia mwezi mzima bila kuombwa. Nyumbani kwa shemeji yake walikuwa wanapika chungu kimoja kwa siku, na watoto wake yeye walikula baada ya watoto wa mwenye nyumba. Shangazi, naye mwanachama, akaandikwa msimamizi wa kwanza, mimi wa pili. Mama wa vipimo alipinga tangu siku ya kwanza. Alisema leo mtu yupo, kesho hayupo, na je, tutalifuata debe letu ng'ambo kwa kuogelea?

Ombi lake lilipangiwa siku moja katikati ya Ramadhani. Asubuhi hiyo ilikuwa imeingia mihogo mikavu kutoka vijiji vya juu, na mgao ulikuwa kesho yake. Mama mmoja wa bodi akatwanga, akachekecha, akasonga sufuria dogo la ugali, akaniletea na kipande cha mgebuka chenye mawese. Mwenyekiti akaniambia nile tu, wao hawataniangalia. Na kweli wote sita wakageuza nyuso. Hapo ndipo iliponishinda.

Mtu asiyelelewa kwetu hataelewa. Nimekulia kati ya majirani wanaofunga, na mama yangu, Mkristo wa kusali kila Jumapili, mwezi huo alikuwa anafunga mlango wa jiko na kutulisha ndani kimyakimya. Kumeza tonge mbele ya wazee sita wenye midomo mikavu ilikuwa kama kuvua nguo mbele yao. Nikasema nitakulia nyuma ya ghala. Huko nyuma nikasikia hata hamu imekwisha, nikawatupia ugali kuku wa jirani, mgebuka nikaufunika kwa majani. Nikarudi najifuta mdomo. Kwenye daftari la mikutano nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri: Imeonjwa, ni safi.

Kisha mwombaji akaitwa. Alikuwa amekaa ubavuni mwa ghala tangu asubuhi, akingoja zamu yake. Akaingia, akaacha kandambili mlangoni, akasalimia mmoja mmoja. Mwenyekiti akamuuliza swali tulilomuuliza kila mwombaji, kwamba ataleta nini ndani ya ushirika. Nilikuwa nimemfundisha jibu: aseme ana mikono, na shamba la kuazima linatafutwa. Yeye akatazama magunia.

"Mama, musigawe ile mihogo," alisema. "Haikulala mu mayi."

Mihogo yetu mingi ni michungu, na isipolowekwa siku zake zote inabaki na sumu, mtu anakula na kutapika, na mtoto mdogo anaweza asiamke. Hilo kila mtu hapo alilijua. Wakulima, kwa jinsi unga ulivyotafutwa, walikuwa wameharakisha. Lakini mwenyekiti alimjibu kwa upole wa kutisha kwamba mihogo imeonjwa, katibu ameandika, na kwamba mgeni akikaribishwa haanzi na kukagua chungu. Mama wa vipimo akatikisa kichwa, kama mtu aliyesema tangu mwanzo. Mwenyekiti akamuuliza amejuaje.

"Harufu yake tu, mama."

Basi. Aliinamisha macho akangoja kukataliwa, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu ya kuandika kwamba amekataliwa. Ningependa kusema nilisimama mara moja. Sikusimama mara moja. Nilifikiria kwanza jina langu, halafu shangazi yangu, ndipo nikafikiria watoto ambao wangekula mihogo ile kesho, wakiwemo wanne wake yeye kama angekubaliwa.

"Sikuonja, Bibi," nikasema. "Niliwatupia kuku. Niliona aibu kula mbele yenu."

Nilitegemea matusi. Mwenyekiti alinyanyuka, akaenda kwenye gunia, akavunja kipande, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi kama mpishi anayefunga anavyoruhusiwa, akatema nje ya mlango. Akatema tena. Aliporudi alinitazama mimi tu.

"Mwanangu, hatukukuweka hapa utuheshimu sisi. Tulikuweka ule."

Nimeambiwa maneno makali zaidi maishani, lakini hayo ndiyo ninayoyakumbuka kwa sauti yake.

Kilichofuata kilinichoma zaidi. Mjumbe mmoja alikumbusha sheria: anayeidanganya bodi hamsimamii mtu yeyote kwa mwaka mzima. Maana yake yule mama alibaki na msimamizi mmoja, na kwa msimamizi mmoja mtu haingii. Alikuwa amewaokoa watu wa mji mzima, na mimi kwa kusema ukweli nilikuwa nimemfungia mlango. Nikaanza kulia, kilio cha hasira, si cha kupendeza. Nilisema sheria hiyo ni ya kipumbavu. Mwenyekiti akaniambia nifute machozi, daftari litalowa.

Ndipo mama wa vipimo alipoongea, akiwa bado amenuna.

"Kata jina lako hapo. Andika langu."

Nilikata jina langu kwa mstari mmoja, nikaandika lake. Hakuna aliyepinga, na sidhani kama yupo ambaye angethubutu.

Kesho yake wanachama walikuja na vikapu. Mwenyekiti alisimama mbele yao akasema bodi imekosa, mgao hakuna, na aliyekasirika amkasirikie yeye. Hakunitaja. Walinung'unika hadi sokoni, Idi ilikuwa inakaribia. Tukabeba magunia hadi ufukweni Bangwe, na mwanachama wetu mpya akatuongoza: tuiloweke upya siku nne, tuibadilishie maji, tuianike juu ya mawe. Mama wa vipimo alikuwa anamuuliza kila kitu mara mbili, na kila jibu akaliona zuri. Ilipokauka nilionja mimi. Nilikula mbele ya wote, mchana, wazee sita wakiniangalia sasa, na sufuria nikalimaliza. Adhabu yangu ilikuwa kuonja peke yangu mwaka mzima. Nilinenepa.

Ninawashukuru wale wanawake hadi leo. Wangeweza kunifukuza, wakaniacha niendelee kuandika. Nimekaa kwenye vikao vingine vingi tangu hapo, vyenye viti vizuri na chai ya maziwa, na sijaona tena mwenyekiti anayesema "tumekosa" bila kumtafuta wa kumtwika.

Lakini deni langu kubwa ni kwa yule mama, na ukubwa wake sikuujua kwa miaka. Kwao kulipotulia aliamua kurudi. Wakati huo alikuwa mjumbe wa bodi mwenyewe. Tulimsindikiza ufukweni na unga, na mama wa vipimo alitoa debe lililojaa pomoni, yeye aliyekuwa anapangusa kila debe kwa kiganja. Nilimshika mkono nikamuuliza, kwa kutania, kama pua yake ile ya kunusa mihogo anatuachia nani.

Alicheka, akanivuta pembeni.

"Haikuwa harufu, dada. Nilikuona nyuma ya ghala. Kuku walidonoa, wakaacha."