Mafuta ya Cherehani Ndani ya Kamera

Mnicheke tu, lakini nikikumbuka siku ile mtaani Kawangware 46, uso bado unanichoma. Nilikuwa mpiga picha wa mtaani, na fujo za uchaguzi zilikuwa zimepoa kidogo (kupoa kwa kulala na viatu, tayari kukimbia). Achieng, mpangaji wa kabila jingine aliyekimbilia kwa dada yake mtaa wa Lindi, hapa hapa jijini, alikuwa amerudi na godoro lake, na Baba Wanjiru, mwenye ploti ya vyumba alikopanga, alikuwa amekubali wapigwe picha pamoja, itundikwe getini, ili vijana wa mtaa waone kwamba mwenyewe amemkaribisha.

Sasa mimi, fundi wa kujifanya, asubuhi nikaona shata ya kamera inajivuta (ni vile vibati vyembamba vya ndani ya lenzi, vinavyofunguka na kufungana kufumba na kufumbua), nikaidondoshea mafuta ya cherehani. Vibati hivyo hutakiwa viwe vikavu kabisa, ukivipaka mafuta vinagandana, na hilo nililijua, lakini kuviosha kwa petroli na kusubiri vikauke niliona ni kujichosha bure, na tena nilipoijaribu, kamera ililia vizuri sana.

Getini watu walikuwa wamejaa, vijana wameegemea mabati, hakuna anayecheka. Baba Wanjiru akaweka mkono begani kwa Achieng. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kisha nikafanya ujinga wa mwisho: nikawasha flashi peke yake kwa kitufe chake, nikasema, "Poa, imeingia."

"Hiyo kamera haijalia," kijana mmoja akasema. "Mbona unatumulika tu kwa uso? Nani amekutuma?"

Wakanizunguka, wakidhani nimetumwa kuwachunguza. Nikafungua kamera mbele yao, filamu ikaharibika yote kwa mwangaza, nikawaonyesha vibati vilivyogandana, nikaeleza habari za mafuta ya cherehani. Mmoja akacheka, wengine wakazidi kukasirika. Baba Wanjiru akawatazama wale vijana, akautazama mkono wake, akauondoa.

"Mama, rudi tu kwa dadako kwanza," akamwambia. "Tutaona wiki ingine."

Achieng akajitwika godoro. Nikamfuata hadi barabarani nikimwomba msamaha, naye akazidi kuongeza mwendo.

Siku hizi shata naiosha, naikausha, naijaribu weee, kabla sijamwambia mtu asimame. Mwaka uliofuata nilikutana naye Lindi, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza kama bado napiga picha. Nikasema ndiyo. Chumba chake kwa Baba Wanjiru kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine.