Sauti Hupimwa Getini

Baba yangu alisema yeye hapigi gitaa kupitia mkebe. Alisema hivyo sebuleni kwake Kayole, mbele ya mama na mbele ya kamati ya kanisa iliyokuja kupanga ibada ya shukrani ya ndoa yao. Kamati ilikuwa imemwomba apige wimbo mmoja siku hiyo. Akakubali, lakini kwa sharti kwamba atatumia amplifaya yake.

Amplifaya yenyewe ilikuwa imekufa. Aliiunda kwa mikono yake enzi za ujana, alipokuwa kibarua wa kiwandani siku za wiki na mpiga gitaa wa bendi kila Jumamosi. Ilikuwa kasha la redio kuukuu lenye spika iliyochanika, akaiziba kwa gundi na kipande cha gunia. Kwa sababu ya kile kiraka kila noti ilitoka na ukwaruzo kidogo, kama sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi na tayari anacheka. Nimekua nikiisikia. Ndiyo iliyonifanya nishike gitaa, na siku ilipoungua baba alitundika lake ukutani, akahamia kwenye taarifa ya habari.

Hata ingekuwa hai, kanisa lisingeikubali. Siku hizi kila chombo huingia moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine yenye vifungo inayokusanya sauti zote, na jukwaani hawataki masanduku. Gitaa likiingia humo bila msaada hutoa sauti nyembamba, kavu, ya waya tu. Ndiyo maana tunanunua pedali ya kuigiza amplifaya. Ni kisanduku cha kukanyaga, gitaa linachomekwa upande huu na mikisa upande ule, na waumini wanadhani kuna spika kubwa imefichwa nyuma ya pazia. Hicho ndicho baba alichokiita mkebe.

Mimi nilitaka apige. Nilitaka mama amwone tena mumewe na gitaa kifuani, na kusema kweli nilitaka kumwona mimi pia. Basi nikaanza kutafuta mkebe wa kumbadilisha mawazo mzee mbishi.

Rafiki yangu wa kwaya aliniazima wake, mkubwa, wenye kioo kinachowaka na sauti nyingi kuliko nilivyoweza kuzijaribu. Mimi naishi mtaa wa Pipeline, kwenye nyumba ambayo jirani akipiga chafya namwambia pole bila kuinuka kitandani, kwa hiyo nikavaa hedifoni. Jamani, nilipaa. Nilisikia mwangwi wa ukumbi mkubwa, nyuzi zikilia kulia na kushoto, na mimi katikati nimefumba macho. Baada ya siku kadhaa jirani alibisha mlango, mtoto mgongoni.

"Dada, kwani uliuza gitaa?"

"Sijauza. Siku hizi napigia ndani ya masikio."

"Wewe nawe. Huyu alikuwa amezoea kulala nayo. Sasa nitamwimbia mimi?"

Nilicheka, nikamwahidi kwamba mambo yatakuwa sawa, kisha nikaipeleka pedali mazoezini kanisani nikiwa na kichwa kikubwa. Baba alikuwa amemsindikiza mama, ambaye ni mwanakwaya. Tulipoanza kupiga niliona akitoka nje polepole, na tulipomaliza akarudi.

"Mama," aliniambia. Ananiita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Huko getini nimesikia kinanda, nimesikia ngoma, nimesikia na mchoma mahindi akigombana na mteja. Wewe sijakusikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya bendi yao. Sauti hawakuipima ukumbini. Kabla shoo haijakolea, mmoja wao alitoka nje na kusimama na wale waliokosa kiingilio, akatazama miguu yao. Wakiwa wanapiga soga tu, alirudi ndani kurekebisha vifungo. Miguu ikianza kucheza, aliacha kila kitu kilivyo. Nami nilikuwa nimechagua sauti ya mtu mmoja aliyeketi kitandani. Nilinuna mpaka nyumbani, hasa kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki lililo ghorofani. Muuzaji alinisukumia pedali kubwa kama ile ya rafiki yangu.

"Siz, hii iko na kila kitu. Ata huhitaji kujua kupiga."

"Basi nipigie wewe. Mimi nashuka chini kusikiza."

"Chini wapi?"

"Kwa barabara."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kumwita mlinzi, lakini alilishika gitaa. Nikashuka, nikasimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akikata mananasi na tikiti. Pedali kubwa iliponguruma huko juu, honi na makelele ya wachuuzi viliimeza. Nikampungia muuzaji mkono dirishani ajaribu ile ndogo ya pembeni, yenye vifungo vitatu na isiyo na kioo. Ikapenya. Ilikuja wazi kabisa katikati ya honi, na muuzaji wangu, aliyekuwa anajua pambio moja tu, alisikika kama mtu wa maana. Mama wa matunda hakuinua macho, ila kisu chake kilianza kufuata mdundo.

"Kwani kuna harusi huko juu?" akauliza.

Niliinunua hiyo. Nyumbani nikaichomeka kwenye redio ya jirani, na tukiwa na mtoto wake kama mwamuzi, nikaanza kuzungusha kifungo cha ukwaruzo taratibu. Mahali fulani, kabla sauti haijawa mbaya, kile kiraka cha gunia kiliamka na kucheka. Nilipiga kelele ya furaha, mtoto akaangua kilio.

Siku ya shukrani wazazi wangu walikaa mbele, mama akiwa na kitenge kipya na baba na shati la kitambaa hichohicho. Mshereheshaji alipomwita baba, yeye alitikisa kichwa na kukunja mikono. Basi nikakanyaga pedali na kuanza wimbo wake mwenyewe, ule wa bendi ambao baadaye aliugeuzia maneno ukawa wa kanisa. Sikuwa nimemaliza hata ubeti mmoja alipoinuka, akapita katikati ya viti na kutoka nje.

Mchungaji alinitazama. Watu wakaanza kunong'ona. Vidole vyangu viliteleza kwa jasho, nikaendelea tu, maana nilijua anaelekea wapi na niliogopa atakachosikia huko. Kisha mama akainuka. Alipopita karibu yangu aliinama sikioni, uso umejaa cheko la kisichana ambalo sikulijua.

"Wacha nikasimame pale. Hawezi kupima peke yake. Hiyo miguu alikuwa anaangalia ilikuwa yangu."

Maisha yangu yote sikuwahi kuuliza walikutana wapi.

Mlango mkubwa ulikuwa wazi, nikawaona hadi getini. Mama alisimama kando ya mchoma mahindi, mkoba mkononi, akijifanya mgeni. Baba alisimama hatua chache mbali naye, hakutazama spika wala kanisa. Alitazama viatu vya mama. Nikapiga kwa moyo wangu wote. Kiatu cha kulia kikatikisika, kisha cha kushoto, kisha mama yangu akacheza getini mbele ya waendesha boda, na baba akarudi ndani karibu mbio, akiwa amenyoosha mikono kudai gitaa.